Mpagazi na Mtumwa Walipita Njia Moja

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Kipalapala, kuhusu maandalizi ya safari ya kwenda kufanya kazi nchi za nje



Tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, lakini wachache hulitamka hadharani. Binti zetu, na baadhi ya vijana wa kiume, wanaondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, hasa Oman na nchi nyingine za Ghuba. Makusudi ya mada hii si kuwazuia, wala si kuwashangilia. Tunataka kuulizana: je, wanaondoka wakiwa wamejiandaa?

1. MAHALI TULIPOKUTANIA

Kipalapala na Tabora si mahali pageni kwa habari za safari. Njia kuu ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Kutoka hapa hadi pwani ilikuwa safari ya kama miezi mitatu kwa miguu.

Katika njia hiyo walipita watu wa aina mbili, wakiwa na mizigo inayofanana. Wa kwanza alikuwa mpagazi. Babu zetu Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Mpagazi alisubiri mavuno yaingie ghalani ndipo akaondoka. Alipatana ujira wake, yaani vitambaa kiasi gani, na posho yake njiani. Alijua anakwenda wapi na nani anaongoza msafara. Alibeba kama kilo thelathini, na akiona mzigo umezidishwa au posho imepunguzwa, aliutua chini akakataa, pamoja na wenzake. Ukoo wake ulijua ameondoka na msafara gani, na ulijua wa kumwuliza asiporudi.

Wa pili alikuwa mtumwa. Alikanyaga mavumbi yale yale, akanywa maji ya visima vile vile, na mara nyingi akabeba pembe ile ile. Lakini hakupatana na mtu, hakujua mwisho wa njia, wala nyumbani kwao hakuna aliyejua wa kumwuliza. Ndiyo maana hata jina la Bagamoyo huelezwa kwa namna mbili: kwa mpagazi, ni mahali pa kubwaga mzigo na kutulia moyo, kwa mtumwa, ni mahali pa kuuacha moyo kabla ya kuvushwa bahari. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika waliwalea hapa hapa Kipalapala watoto waliokombolewa kutoka katika mikono ya wafanyabiashara hao.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini somo la njia ile halijafutika. Njia ni moja. Kinachowatofautisha wasafiri wawili ni mapatano yaliyofanywa kabla ya kuondoka, na watu waliobaki nyumbani wakijua.

2. HALI TUNAYOIONA

Mzazi mmoja alifika mbele yetu akilia. Binti yake alikuwa ameondoka miezi mitano iliyopita, na simu ilikuwa haipatikani tena. Tulimwuliza: amekwenda mji gani? Hakujua. Mwajiri wake anaitwa nani? Hakujua. Nani alimchukua? Alijua jina moja tu, la mama aliyekuja na gari usiku. Tulipopeleka habari mahali panapohusika tuliulizwa namba ya pasipoti ya binti, ili aanze kutafutwa. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyeiona pasipoti hiyo hata siku moja.

Binti alirudi baada ya miezi kumi na minne. Tunamshukuru Mungu kwamba alirudi mzima. Lakini alirudi mikono mitupu, akidai mshahara wa miezi minane. Hakuwa na nakala ya mkataba wala stakabadhi yoyote ya kuonyesha kwamba alifanya kazi katika nyumba ile. Haki yake ilikuwepo; ushahidi ndio uliokosekana.

Habari hii si ya peke yake. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku. Huko hutumika mfumo uitwao kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemwombea viza. Akiondoka katika nyumba hiyo bila ruhusa, yeye ndiye huhesabiwa mtoro. Na sheria ya kazi ya Oman, hata ile mpya ya mwaka 2023, haiwahusu watumishi wa nyumbani. Hao huwekewa kanuni zao peke yao.

Tuseme ukweli wote. Wapo pia waliopata waajiri wenye utu, wakalipwa kila mwezi, wakajenga nyumba za bati na kusomesha wadogo zao. Huko Maskati wapo watu wengi wanaosema Kiswahili, ambao wazazi wao walitoka Unguja na hata huku bara. Hatuwahukumu watu wa nchi nzima. Tunachosema ni kwamba msafiri asiyejiandaa anaiweka heshima yake yote mkononi mwa mtu asiyemjua, na kumwomba Mungu tu kwamba mtu huyo awe mwema.

3. TULIPOKOSEA SISI

Kabla ya kuwafundisha wengine hatuna budi kujichunguza. Kwa miaka kadhaa, sisi tulio viongozi tuliwakemea waliokwenda Arabuni. Tuliwaita wapenda fedha, na wengine tuliwaombea kana kwamba wamekwisha kupotea. Matokeo yake yalikuwa nini? Hawakuacha kwenda. Waliacha kutuambia. Yule binti tuliyemtaja alikuwa mwanakwaya. Aliimba Dominika asubuhi akaondoka Jumatatu usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Hata serikali zimelijaribu jambo hili. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2016 kuwapeleka watumishi wa nyumbani Saudi Arabia. Wapo waliopitia nchi jirani, na baadaye marufuku ikaondolewa. Mlango ukifungwa bila kuiondoa njaa iliyo ndani, watu hupita dirishani. Na anayepita dirishani hawezi kubeba hati zake wala kuaga.

Yatupasa basi kubadili namna yetu. Binti anapotuambia kwamba anataka kwenda, jibu letu la kwanza lisiwe kumgombeza. Liwe: karibu, kaa, tulitazame jambo hili pamoja. Pengine baada ya kulitazama yeye mwenyewe ataamua kubaki. Akiamua kwenda, atakwenda kama mpagazi.

4. MFANO WA TOBITI

Maandiko Matakatifu yana mfano mzuri wa safari iliyoandaliwa vema, nao ni kitabu cha Tobiti, sura ya tano. Mzee Tobiti alikuwa ameweka fedha kwa mtu wa nchi ya mbali, na alitaka mwanawe Tobia akazichukue. Tazameni jinsi alivyofanya. Kwanza, palikuwepo hati iliyogawanywa vipande viwili, kila upande ukabaki na chake. Pili, hakumruhusu mwanawe kuondoka peke yake. Alitaka mwenzi anayeijua njia. Tatu, mwenzi huyo alipopatikana, mzee alimwuliza ukoo wake na kabila lake. Hakuona haya kumhoji. Nne, walipatana ujira kwa siku, drakma moja, pamoja na matumizi ya njiani. Tano, yote hayo yalifanyika nyumbani, mbele ya mzazi, na ndipo kijana akabarikiwa. Mama yake alilia, kama mama zetu wanavyolia. Lakini alilia akijua mwanawe anakwenda wapi na nani.

Aliyemsindikiza Tobia alikuwa malaika, na mzee hakujua. Ikiwa hata malaika alihojiwa na kupatana ujira, kwa nini wakala wa kazi akasirike akiulizwa leseni?

5. MAANDALIZI YENYEWE

Yafuatayo ndiyo mambo tunayoomba kila Jumuiya iyasome pamoja na anayetaka kusafiri.

(a) Hati. Msafiri awe na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, na pasipoti aliyoiomba mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji. Jina na umri viwe vya kweli. Wapo mawakala wanaowaongezea umri wasichana wadogo; umri wa uongo ukiandikwa, sheria inayomlinda mtoto haitamtambua. Aliye chini ya miaka 18 asipelekwe, hata wazazi wakikubali. Kumchukua mtoto kwa kusudi la kumtumikisha ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

(b) Wakala. Aulizwe jina lake kamili, ofisi yake na leseni yake, kwa kuwa sheria ya nchi yetu inawataka mawakala binafsi wa ajira wawe na leseni. Ukweli wa leseni uulizwe katika ofisi ya kazi. Anayepitia Zanzibar aulize Kamisheni ya Kazi huko. Tena aulizwe njia ya safari. Anayetaka kumvusha binti mpaka kwa basi ili apande ndege katika nchi nyingine, aeleze sababu.

(c) Gharama. Kwa kawaida mwajiri ndiye hulipa viza na tiketi ya mtumishi wa nyumbani. Wakala akisema kwamba gharama hizo zitakatwa katika mshahara, huo ni mkopo, na mkopo usioandikwa hauna mwisho. Msiuze shamba wala ng'ombe kabla ya kuona mkataba.

(d) Mkataba. Usomwe nyumbani, katika lugha inayoeleweka, kabla ya kutia sahihi. Utaje jina na anwani ya mwajiri, kazi yenyewe, na idadi ya watu wa nyumba hiyo, mshahara kwa fedha gani na siku gani, saa za kupumzika na siku ya mapumziko ya juma, matibabu, muda wa mkataba, na nani atalipa tiketi ya kurudi. Mapatano Na. 189 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2011, yanataka mfanyakazi wa nyumbani apate mkataba kabla ya kuvuka mpaka, na abaki na hati zake mwenyewe. Ubalozi wetu wa Maskati umekuwa ukihakiki mikataba ya Oman. Anayekwenda huko aulize kama wa kwake umeonwa. Akipewa mkataba mwingine baada ya kufika, asitie sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.

(e) Viza. Itazamwe imeandikwa nini. Viza ya matembezi si viza ya kazi. Anayefanya kazi kwa viza ya matembezi anakuwa mkosaji tangu siku ya kwanza, na mwajiri mbaya hulijua hilo na kulitumia.

(f) Mwili na mzigo. Msafiri apimwe afya na aulize chanjo zinazotakiwa. Mwenye dawa za kila siku achukue za kutosha pamoja na karatasi ya daktari, kwa sababu baadhi ya dawa za maumivu zinazopatikana kirahisi huku ni marufuku kule bila cheti. Ajifunze maneno machache ya Kiarabu: maji, mgonjwa, polisi, ubalozi, sitaki. Na namba tatu za simu azishike kwa moyo: ya nyumbani, ya ubalozi na ya parokia. Simu yaweza kuchukuliwa. Kilichoshikwa moyoni hakichukuliki.

(g) Wanaobaki. Kikao cha ukoo kikae kabla ya siku ya safari. Watoto watalelewa na nani? Si bibi tu kwa kuwa ni bibi, bali bibi aliyeulizwa akakubali. Fedha zitakazoletwa ni za kazi gani? Msafiri afungue akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake, na sehemu ya mshahara iingie humo. Tumewaona waliotuma kila mwezi kwa miaka miwili wakarudi kukuta fedha zimeliwa na ndugu. Huo nao ni unyang'anyi, hata kama aliyeufanya anabatizwa nasi na kukomunika nasi.

6. DAFTARI LA SAFARI

Tunaomba kila parokia iwe na daftari moja, litunzwe na watu wawili waaminifu, mmoja wao awe mwanamke. Humo zihifadhiwe nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba. Jina na simu ya wakala. Jina na anwani ya mwajiri. Tarehe na njia ya safari. Daftari hilo si la kuhukumu. Wala asisomewe mtu mwingine, maana mambo ya msafiri ni amana. Liwe wazi kwa kila mwenye shida, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu. Msafara haukuulizana dini.

Pamoja na daftari, msafiri na nyumbani wapatane mambo mawili. La kwanza ni siku ya kupiga simu, tuseme kila Dominika ya pili. Dominika mbili kama hizo zikipita kimya, familia isingoje mwaka. Ilete habari parokiani, na parokia iandike siku hiyo hiyo kwa ubalozi na kwa Wizara ya Mambo ya Nje, ikitaja namba ya pasipoti. La pili ni neno la hatari. Mara nyingi binti hupiga simu mwajiri akiwa amesimama karibu. Wapatane neno la kawaida, kwa mfano kuuliza hali ya mbuzi ambaye hayupo. Akiuliza mbuzi, nyumbani wanajua.

Na anaporudi, hata kama amerudi bila kitu, asipokewe kwa maneno ya kuuliza ameleta nini. Msafara ulipokaribia, watu walitoka kuupokea kwa sababu watu wao wamerudi, na mizigo ilihesabiwa baadaye.

7. HITIMISHO

Ndugu zetu, ikiwa mtasahau yote tuliyosema, kumbukeni neno hili moja: safari ya haki huandaliwa hadharani. Yeyote anayemwambia binti yako asimwambie mtu, amekwisha kukueleza yeye ni nani. Hatuhitaji ushahidi mwingine.

Kila tarehe 8 Februari, tangu mwaka 2015, Kanisa huadhimisha siku ya sala dhidi ya biashara ya binadamu, siku ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, msichana wa Sudan aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Tusali siku hiyo. Lakini tarehe saba tulifungue daftari na kuuliza: ni nani kati yetu yuko mbali, na alipiga simu lini?

Babu zetu waliitengeneza njia hii kwa miguu yao, wakaenda na kurudi wakiwa watu huru. Tusikubali wajukuu wao waipite wakiwa wamefungwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika Jumuiya yetu kuna aliyeko nchi ya nje? Tunajua mji wake, mwajiri wake na namba ya pasipoti yake?

2. Ni maneno gani tumekuwa tukiyasema yaliyowafanya vijana watufiche safari zao?

3. Binti anataka kuondoka wiki ijayo na wakala anamharakisha. Tumshauri nini, na nani aende naye kuuliza leseni?

4. Ni kazi gani ya hapa nyumbani, katika asali, tumbaku, mpunga au biashara ndogo, ambayo Jumuiya inaweza kumsaidia kijana kuianza ili akienda ng'ambo aende kwa kupenda na si kwa kukata tamaa?

5. Ni watu gani wawili tutakaowakabidhi daftari la safari, na tutaanza lini?